Ada za kuomba udaktari ng'ambo: Mlango unaofungwa kabla ya kubishwa



Ijumaa hii tunapenda kuzungumza na wazazi wa Nyanda za Juu Kusini, hususan wa Mbeya na Iringa, juu ya jambo ambalo kila mwaka linazigharimu familia zetu fedha nyingi na wakati mwingine heshima. Nalo ni gharama ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari katika nchi za nje.

Kila Julai, Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, hurejea mazungumzo yale yale katika nyumba za Waislamu, iwe Mwanjelwa, Tukuyu, Kihesa au Mafinga. Kijana amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia. Anataka kuwa daktari. Mjomba aliyeko Dar es Salaam amesikia kuwa nafasi zipo China, au Uturuki, au Misri. Basi wazee hukaa kitako, wakahesabu karo na nauli ya ndege, wakaulizana ni shamba gani la miti liuzwe na ni gunia ngapi za mpunga zilizobaki Kyela. Lakini ni nadra kumsikia mtu akiuliza itagharimu kiasi gani hata kuomba tu, kabla ya mtoto kupata jibu la ndiyo au la hapana.

Swali hilo tunalipa uzito kwa sababu moja. Karo hulipwa na aliyekwisha kukubaliwa, na mwenye barua ya kukubaliwa mkononi anaweza kubisha hodi kwa jamaa, kwa msikiti au kwa mfadhili, akasikilizwa. Ada ya maombi hulipwa na asiyekuwa na chochote cha kuonyesha. Hairudishwi akikataliwa. Hakuna benki inayoikopesha, na Bodi ya Mikopo haina fungu lake. Kwa hiyo ndiyo inayowachuja watoto wa wakulima na wachuuzi mapema kabisa, na kuchujwa huko hakuonekani katika takwimu yoyote, kwa kuwa asiyeomba hahesabiwi kuwa amekataliwa.

Tuanze na Uingereza, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakokusikia tangu enzi za wakoloni. Maombi ya shahada ya kwanza hupitia ofisi moja ya pamoja iitwayo UCAS, na anayeomba udaktari haruhusiwi kuchagua zaidi ya vyuo vinne vya fani hiyo. Kwa wanafunzi wa kuanza mwaka 2025, ada ya UCAS ilikuwa pauni 28.50. Kiasi hicho si kikubwa. Lakini vyuo vingi vya udaktari vya huko vinataka pia mtihani wa UCAT, ambao umekuwa ukitozwa pauni 70 kwa anayeufanyia Uingereza na pauni 115 kwa anayeufanyia nchi nyingine. Na nafuu iliyowekwa kwa watahiniwa maskini imekusudiwa wa kwao, haimfikii mtoto wa Ilula. Ongeza mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao ni zaidi ya dola 200. Tukikadiria pauni kwa Sh. 3,300 na dola kwa Sh. 2,500, familia inakaribia Sh. milioni moja kabla ya kupata jibu lolote. Na jibu lenyewe ni gumu: England huweka kikomo cha nafasi za udaktari kwa wageni, takriban asilimia 7.5 ya nafasi zote, na cheti chetu cha kidato cha sita hakikubaliwi na kila chuo. Mwenye kukubaliwa naye atakuta karo ya wageni ambayo katika vyuo vingi inazidi pauni 40,000 kwa mwaka. Kwa makisio yetu hayo hayo ni Sh. milioni 132, kila mwaka, kwa miaka mitano au sita.

Marekani ni mbali zaidi, japokuwa vijana wengi huiota. Kwanza, huko udaktari hausomwi moja kwa moja baada ya sekondari. Lazima mtu awe na shahada ya kwanza ya miaka minne. Mtihani wa kuingilia, MCAT, umekuwa zaidi ya dola 330, na anayeufanyia nje ya Marekani na Kanada huongezewa zaidi ya dola 100. Katika msimu wa maombi wa 2024/25, ofisi ya pamoja ya maombi ilitoza dola 175 kwa chuo cha kwanza na dola 46 kwa kila chuo kilichoongezwa. Anayeomba vyuo kumi hulipa dola 589, yaani karibu Sh. milioni moja na nusu. Kisha vyuo vyenyewe humletea fomu ya pili, na vingi hutoza ada nyingine kwa fomu hiyo. Upo mpango wa kuwasaidia waombaji wasio na uwezo, lakini masharti yake yanawahusu raia, wakazi wa kudumu, wakimbizi waliopokewa na makundi machache ya namna hiyo yaliyokwishaishi Marekani. Mwanafunzi wa kigeni hayumo. Aidha, vyuo vingi vya udaktari vya huko havipokei wageni kabisa, na baadhi ya vile vichache vinavyopokea hudai mzazi aweke benki, mapema, fedha za karo ya miaka yote minne. Tunamwambia wazi mzazi wa Mbeya au Iringa ambaye hana jamaa huko wala mfadhili: hapo usipeleke fedha yako.

China ndiko kulikowavuta vijana wetu wengi katika miaka ya karibuni, na kuna sababu ya haki. Serikali ya China iliteua orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kuwafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza. Ada ya maombi kwa kawaida ni kati ya yuan 400 na 800 kwa chuo, nayo hairudishwi. Karo katika vyuo vingi vya majimbo imekuwa kati ya yuan 25,000 na 45,000 kwa mwaka. Kwa makisio ya Sh. 350 kwa yuan, ada ya maombi ni kati ya Sh. 140,000 na Sh. 280,000, na karo ni kuanzia karibu Sh. milioni tisa. Kwa mzazi mwenye duka Mwanjelwa au mwenye kiwanda kidogo cha mbao Mafinga, hizo ni hesabu zinazoweza kuzungumzwa.

Hata hivyo ada ya chuo ni sehemu tu ya fedha inayotoka mfukoni. Pasipoti ya Tanzania ni Sh. 150,000, na kabla yake panatakiwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa. Kuna uchunguzi wa afya, kuna kuthibitisha vyeti, kuna kutafsiri hati kwa nchi zisizotumia Kiingereza. Balozi na vituo vya viza viko Dar es Salaam. Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka huko na Iringa karibu kilomita 500. Safari moja ya viza hugeuka safari mbili kwa sababu ya karatasi moja iliyosahaulika. Mtoto wa Upanga huenda ubalozini kwa bodaboda akarudi kula chakula cha mchana nyumbani, ilhali mwenziwe wa Tukuyu hulala Ubungo kwa siku tatu na baba yake. Tofauti hiyo haiandikwi katika orodha ya ada ya chuo chochote.

Namna ya kulipa nayo ni kizuizi. Vyuo vya nje hutaka kadi ya benki inayokubalika kimataifa, au malipo ya kupeleka benki kwa benki ambayo makato yake pengine hukaribia ada yenyewe. Siku hizi kampuni za simu hutoa kadi za kulipia mtandaoni, na hilo limerahisisha mambo. Lakini wazazi wengi hawajui habari hizo, na hapo ndipo anapoingia wakala.

Hatusemi kuwa mawakala wote ni wabaya. Wapo waliosajiliwa, wenye ofisi na risiti, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ina utaratibu wa kuwatambua wale wanaopeleka wanafunzi nje. Mzazi anayo haki ya kuuliza jina la wakala kwa TCU kabla ya kutoa shilingi moja. Lakini yupo pia yule anayekuja mjini na mkoba, akakutana na wazazi hotelini, akachukua fedha za "usajili", za "barua", za "kuharakisha", na za jambo jingine ambalo mzazi halielewi ila anaona aibu kuuliza mbele ya wenziwe. Mara nyingi chuo anachokitangaza kina ada ndogo, au hakina ada kabisa, na fomu yake iko wazi mtandaoni.

Hapa fiqhi yetu inalo la kusema, nalo lina manufaa hata sokoni. Wanavyuoni wametofautisha mikataba miwili. Upo ujira wa kazi inayojulikana: mtu anakujazia fomu, anakutafsiria vyeti, unamlipa kwa kazi hiyo, apate mtoto au akose. Na upo mkataba uitwao ju'ala, ambao malipo yake hustahiki pale tu matokeo yaliyotajwa yanapopatikana. Wakala anayesema "nitakupatia nafasi" ameahidi matokeo, kwa hiyo alipwe pale nafasi inapopatikana na kuthibitishwa na chuo chenyewe. Na anayetaka kulipwa mapema aseme ni kazi gani hasa anayoifanya, kwa bei gani, na aiandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba sisi tunaandikiana katika mauzo ya ng'ombe, lakini Sh. milioni tatu za elimu ya mtoto tunazitoa kwa kupeana mikono.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko kupoteza ada. Wakala humwambia kijana mwenye alama hafifu kwamba nje wanapokea mtu yeyote. Ni kweli baadhi ya vyuo hupokea. Lakini daktari aliyesomea nje, akirudi, lazima shahada yake itambuliwe na TCU, na lazima asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo hutazama chuo alichotoka na sifa alizoingia nazo, na humtahini kabla ya kumruhusu kufanya mwaka wa mafunzo ya kazi hospitalini. Kijana aliyekaa nje miaka sita kwa jasho la familia, akarudi asisajiliwe, hana jina la udaktari wala hana fedha za kuanzia jambo jingine. Hivyo kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, mzazi aulize mambo mawili: je, chuo hiki kinatambuliwa na TCU, na je, alama za mwanangu zingemruhusu kusomea udaktari hapa nyumbani? Jibu la pili likiwa hapana, basi kukubaliwa ng'ambo kusimfurahishe mtu. TCU pia hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Mtanzania anayekwenda kusoma nje. Afadhali kukishughulikia mwanzo kuliko kukimbizana nacho ndege inapongoja.

Jambo jingine ambalo halimo katika matangazo ya mawakala ni usalama wa masomo yenyewe. Miaka hii sita iliyopita imetufundisha. Machi 2020 China ilifunga mipaka yake kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wa kigeni waliokuwa likizo makwao walibaki huko hadi katikati ya 2022, wakisomeshwa udaktari kwa kompyuta. Mwanafunzi wa udaktari asiyegusa mgonjwa kwa miaka miwili amepungukiwa na nini, kila mzazi anaweza kufikiri. Februari 2022 vita viliingia Ukraine, nchi iliyokuwa ikipokea maelfu ya wanafunzi wa udaktari kutoka Afrika na Asia, na Watanzania walikuwamo. Kisha tarehe 15 Aprili 2023, mwezi wa Ramadhani ukiwa katika kumi la mwisho, vita vilizuka Khartoum.

Hili la Khartoum linatugusa sisi zaidi. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichopo mji huo kilikuwa kimbilio la vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, tena wengi kwa ufadhili. Familia isiyoweza ada za Ulaya ilijua kuwa Sudan ipo. Serikali yetu iliwaondoa Watanzania kupitia Ethiopia, wakafika Dar es Salaam kabla ya mwezi wa Aprili kwisha, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Alhamdulillahi walirudi salama. Lakini mlango ule uliokuwa wa bei nafuu kupita yote ulifungwa kwa siku moja. Na kwa upande mwingine, wanafunzi wa udaktari kutoka chuo kimoja cha Khartoum walipokewa Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ili waendelee na mafunzo yao. Tulizoea kudhani elimu bora ya udaktari iko ng'ambo. Kwa wanafunzi wale wa Sudan, ng'ambo palikuwa Muhimbili.

Jambo hilo linaturudisha nyumbani. Mwaka 1963 ndipo chuo cha udaktari kilipoanzishwa Dar es Salaam. Kabla ya hapo kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari alitazama Makerere. Leo vipo Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Dodoma, Kairuki na vinginevyo. Tena Mbeya yenyewe ipo ndaki ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo wanafunzi wake hujifunzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Tangu mwaka 2017, TCU ilipoondoa mfumo wa maombi ya pamoja uliokuwapo tangu 2010, mwombaji hupeleka maombi chuo kwa chuo na kulipa kila kimoja, lakini ada hiyo katika vyuo vingi imekuwa karibu Sh. 10,000. Yaani kwa ada ya mtihani mmoja wa UCAT kijana angeomba vyuo vyote vya udaktari nchini na fedha ikabaki. Karo ya vyuo vya Serikali ni karibu Sh. milioni mbili kwa mwaka. Na kwa wale wazazi wanaosita kumpeleka binti yao nchi za mbali peke yake, jambo ambalo wanavyuoni wamelizungumza sana na hatutalimaliza katika ukurasa huu, ndaki ya Mbeya ipo nusu siku ya basi kutoka Iringa.

Wengi waliikimbia mikopo ya Bodi kwa kuogopa riba, na khofu yao ilikuwa na msingi. Mikopo ile ilikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani, na haikuwa rahisi kumweleza Muislamu mcha Mungu kwamba hiyo ni kitu kingine. Sikukuu ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa. Tunashangaa kuwa miaka kadhaa baadaye bado wapo wazazi wanaowakataza watoto kujaza fomu za Bodi kwa hoja ya tozo ambayo haipo tena. Mwenye shaka na masharti yaliyobaki asome mkataba na kumwuliza shekhe wake, kuliko kumnyima mtoto nafasi kwa habari za zamani. Kwa waliofaulu sayansi kwa kiwango cha juu kabisa, kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 upo pia ufadhili wa Serikali uliopewa jina la Rais huyo, ambao hauhitaji kurejeshwa.

Hata hivyo nafasi za nyumbani hazitoshi wote, na wapo vijana wenye alama nzuri wanaobaki nje ya orodha. Hao ndio wenye haki ya kutazama ng'ambo, nao tunawashauri waanze na milango isiyo na ada.

Wa kwanza ni ufadhili wa Serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları. Kuomba ni bure, fomu ni moja kwa vyuo vyote, na wanaopata hulipiwa karo, malazi, bima na mwaka wa kujifunza Kituruki. Rais wa Zanzibar, Dkt. Hussein Ali Mwinyi, alisomea udaktari wake Chuo Kikuu cha Marmara, Istanbul. Mtu atasema yeye alikuwa mtoto wa Rais. Ni kweli, ila fomu hii leo haimwulizi mtu baba yake ni nani. Pazia lake la maombi kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Januari na kufungwa tarehe 20 Februari, nasi tutalirudia jambo hili la tarehe.

Wa pili ni Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Mwaka 1983 benki hiyo ilianzisha ufadhili kwa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake, na Tanzania ni nchi ya namna hiyo. Udaktari ulikuwa miongoni mwa fani za mbele kabisa. Utaratibu wake ni wa kuigwa: kwa mwanafunzi fedha ni qardhul hasan, mkopo usio na riba atakaourejesha akishapata kazi, kwa jamii ni msaada, kwa kuwa anachorejesha hakirudi Jeddah bali huingia katika mfuko wa jamii yake ili usomeshe wengine.

Wa tatu si wa bure, lakini uko karibu. Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, kina skuli yake ya udaktari iitwayo Habib, pale Kibuli, Kampala. Huko mtoto huenda kwa basi, Kiingereza ndicho cha kufundishia kama kwetu, na chakula halali hakitafutwi.

Hapo hapo tuwatahadharishe vijana juu ya ufadhili wa Serikali ya India kupitia taasisi ya ICCR. Ni ufadhili mzuri na kuomba ni bure, lakini udaktari haumo. Yeyote anayekudai fedha ili akupatie udaktari kupitia mlango huo anakuuzia kitu kisichokuwapo.

Sasa juu ya tarehe. Mtihani wa kidato cha sita hufanywa Mei, matokeo hutoka Julai. Maombi ya udaktari Uingereza hufungwa tarehe 15 Oktoba kwa masomo ya mwaka unaofuata, na ya Uturuki Februari. Kijana anayengoja matokeo ya Julai ndipo aanze kutafuta pasipoti, amekwisha kukosa mwaka huo. Katikati ya hayo yapo mafunzo ya JKT ya miezi mitatu, ambayo wahitimu wa kidato cha sita huitwa, na kambini hakuna nafasi ya kushinda mtandaoni ukijaza fomu. Ni wakati huo huo wakala humpigia simu baba na kumwambia kwamba muda unakwisha kesho. Mzazi mwenye tarehe zake ukutani hatishiki. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na pasipoti vishughulikiwe mtoto akiwa kidato cha tano, vyeti vyote viwe na jina moja lenye herufi zile zile. Tunalisema hili kwa kuwa watoto wetu huandikwa Muhammad shuleni, Mohamedi kwenye cheti na Mohammed kwenye pasipoti, na kurekebisha jina kwa kiapo huchukua wakati ambao ada haisubiri.

Tumebakiwa na suala la nani alipe. Aya ya 60 ya Surat at-Tawba imetaja makundi manane ya wanaostahiki zaka. Imamu Nawawi, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafi amefundishwa katika misikiti yetu tangu babu zetu, ameeleza kwamba aliyejitoa kutafuta elimu ya dini kiasi cha kutoweza kuchuma anaruhusiwa kupewa zaka. Katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi, aliyefariki 2022, alikuwa miongoni mwa waliolipanua hilo kwa elimu yenye manufaa kwa Waislamu. Wapo wasiokubali upanuzi huo. Lakini katika jambo la fakiri hakuna khilafu: kijana ambaye wazazi wake ni mafakiri amekwisha kuingia katika kundi la kwanza la aya, na hakuna anayeweza kumzuia kutumia anachopewa kwa pasipoti na ada ya chuo. Pale ambapo zaka ina mjadala, sadaka haina.

Na kiasi chenyewe si cha kutisha msikiti. Tufanye hesabu ya msikiti mmoja wa Ijumaa wenye waumini 400. Kila mmoja akitoa Sh. 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni Sh. 4,800,000. Kijana mmoja anayeomba vyuo vitano vya nyumbani, akatafuta pasipoti, akaomba Uturuki bila ada na akaomba vyuo viwili vya nje vyenye ada ya kati, hawezi kuzidi Sh. 800,000. Mfuko huo unawatosha vijana sita kwa mwaka, wavulana kwa wasichana. Ukitolewa kwa qardhul hasan, kama ilivyofanya benki ile ya Jeddah, baadhi yake itarudi. Misikiti yetu ya Mbeya na Iringa imekwisha kujenga minara kwa michango ya namna hii, na hatuoni aibu kuuliza mnara wa pili unangojewa na nani.

Mfuko wa namna hiyo una kazi mbili. Ya kwanza ni kulipa. Ya pili, ambayo pengine ina thamani zaidi, ni kuuliza: kamati yenye mwalimu mmoja wa sayansi, muuguzi au daktari mmoja, na kijana mmoja mwenye kuufahamu mtandao, itakisoma chuo kabla fedha haijatoka, itapiga simu TCU, na itamwambia mzazi ukweli kuhusu alama za mwanawe. Wakala wa mkoba haendi mbele ya kamati ya namna hiyo.

Tunazifahamu kamati za misikiti zilivyo na mambo mengi. Lakini orodha ya vijana walioko kidato cha tano hivi sasa katika mtaa wenu inaweza kuandikwa leo baada ya sala, kwa kalamu moja na daftari moja, pamoja na majina kamili kama yalivyo kwenye vyeti vyao vya kuzaliwa. Januari tarehe 10 haiko mbali.